Hidrojeli isiyoua seli: hatua kwa hatua kwa anayeanza na alginati

Maswali ya hidrojeli (jeli ya polima iliyojaa maji) ni yaleyale kila mara. Jeli yangu imeganda vizuri kabisa lakini seli zimekufa zote, shida nini? Glutaraldehidi (kemikali ya kufungia minyororo ya jeli) niweke asilimia ngapi ili isiwe sumu? Nikiipiga UV nusu saa si inakuwa steraili? Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujagusa mizani, maana kila hatua huko chini inatokana nalo: mara nyingi kinachoua seli sio jeli, ni mabaki. Polima (minyororo mirefu ya molekuli) ikishafungwa inakuwa wavu mkubwa, haiendi popote. Kinachotoka ni vile vitu vidogo vilivyobaki katikati ya wavu: monoma (kipande kimojakimoja cha kuundia polima) ambayo haikushika, kemikali uliyofungia minyororo, kianzishi (kinachoanzisha mfungano), asidi, chumvi iliyozidi, hata ethanoli uliyosuuzia ukidhani unasafisha. Kwa hiyo usalama unaanza siku unayochagua utafunga jeli kwa kitu gani, unaendelea kwenye kusuuza, alafu kupima ndo kunakuonyesha kama umefanikiwa. Wengi wanaruka hayo mawili ya mwanzo wanakimbilia kupima, alafu wanakaa miezi wanahangaika na matokeo mabaya ambayo chanzo chake kiko kwenye bika la siku ya kwanza.

Mfano ambao kila anayeanza anapaswa kuujua ni poliakrilamaidi. Polima yenyewe ni tulivu, lakini akrilamaidi, yaani monoma yake, ni sumu ya neva na imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani kwa binadamu. China waliwahi kuruhusu jeli hiyo kuchomwa mwilini kwa ajili ya kuongeza ukubwa wa matiti ya wanawake na kurekebisha maumbo, na mwaka 2006 ikapigwa marufuku baada ya malalamiko mengi ya uvimbe, maumivu na maambukizi. Jeli ilionekana nzuri tu kwa macho.

Kwanza: utafunga na nini?

Glutaraldehidi inashika haraka na iko kwenye kila maabara, ndo maana watu wanaipenda. Tatizo ni kwamba haichagui, inashika protini za jeli yako na za seli zako vilevile, na ile iliyobaki nusu imefungwa nusu haijafungwa inaendelea kuvuja siku nyingi. Hakuna asilimia ya kichawi ambayo inakuwa salama. Kama lazima ufunge gelatini au kitosani kwa kemikali, angalia genipini, inatoka kwenye tunda la gadenia na sumu yake ni ndogo sana ukilinganisha. Jeli itageuka bluu. Usiogope, hiyo bluu ni genipini ikishikana na amini, sio kwamba imeoza.

Gelatini iliyowekewa methakrilati (wengi wanaiita GelMA) ni nzuri, ila inataka kianzishi na taa, na asidi ya methakriliki inayobaki kwenye utengenezaji lazima itolewe kwa dayalisisi (kuiloweka ndani ya mfuko unaopitisha molekuli ndogo tu) ya siku kadhaa kwenye maji ya kama nyuzi 40, maji yakibadilishwa kila siku. Ukifika huko tumia kianzishi cha LAP na taa ya 405 nm kuliko vile vya zamani vinavyotaka UV, seli zitakushukuru.

PVA (polivinili alkoholi) ya kugandisha na kuyeyusha ndo haina kemikali ya kufungia kabisa: unayeyusha PVA 10% (ile iliyohidrolaizwa 98 mpaka 99%) kwenye maji ya nyuzi 90, unamimina, unaweka friza ya −20 usiku mzima, unatoa iyeyuke taratibu, unarudia mara tatu mpaka tano. Vijifuwele vidogo vya polima ndo vinashikilia wavu. Ukikumbuka tu kwamba vijifuwele hivo vinayeyuka kwa joto hutaingiza jeli yako kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto) ukatoa uji.

Mimi nakuanzisha na alginati inayofungwa na kalsiamu, kwa njia ya ndani, yaani kalsiamu inatoka taratibu ndani ya mchanganyiko wenyewe. Viungo ni vichache, hakuna aldehidi, hakuna monoma, hakuna taa, na ukikosea unaona kwa macho. Njia ya kudondoshea kalsiamu kloraidi kwa nje ni rahisi zaidi lakini inakupa ngozi ngumu nje na ute katikati, na kalsiamu inabaki nyingi mno.

Onyo kabla hatujaendelea na hili sina mzaha nalo: hapa tunatengeneza jeli ya kujifunzia na ya kupima kwenye seli maabara. Usimwekee mtu kwenye kidonda, usijichome, usimpe mgonjwa hata kama kipimo kimetoka safi. Kati ya "seli za panya hazikufa" na "salama kwa binadamu" kuna kazi ya miaka na vibali vyake.

Uwe na hivi mkononi

- Sodiamu alginati. Ya chakula inatosha kwa mazoezi ya kugandisha tu. Ikienda kwenye seli tafuta iliyosafishwa kwa matumizi ya tiba, yenye kiwango cha endotoksini kimeandikwa kwenye cheti. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia, na ile ghafi inakuja na polifenoli, protini, metali nzito na endotoksini.
- Kalsiamu kaboneti ya unga laini sana, ile iliyotengenezwa kwa kuganda kutoka kwenye majimaji ("precipitated"), chembe ziwe chini ya mikroni 10. Chokaa ya kusaga haifai.
- Glukono-delta-laktoni, tuiite GDL. Ikae kwenye chombo kikavu kilichofungwa, ikinyonya unyevu inageuka asidi humohumo chupani.
- Sodiamu kloraidi na kalsiamu kloraidi yenye maji mawili (dihaidreti).
- Maji yaliyoondolewa ioni. Ya bomba hapana, yana kalsiamu yake.
- Mizani inayosoma miligramu, kikorogeo cha sumaku, mita ya pH, sahani za petri, sirinji na filta za mikroni 0.22, vyombo vya glasi.
- Glavu, miwani na barakoa. Unga wa alginati ni mwepesi unaruka.

Hatua

Vipimo hivi ni vya jeli ml 50, alginati 2%. Inatosha sahani karibu nne za sentimita 9 kwa unene wa milimita 2.

1. Andaa vyombo siku moja kabla. Glasi zote zitakazogusa jeli zifunge kwa foili uziweke kwenye oveni nyuzi 250 kwa angalau dakika 30. Najua utasema otoklevu si ipo. Otoklevu inaua bakteria lakini endotoksini, ambayo ni kipande cha ukuta wa bakteria aliyekufa, inabaki palepale, na filta ya 0.22 nayo inaipitisha. Hili ndo kosa namba moja naloliona: mtu ana jeli steraili kabisa ambayo seli za kinga zinaichukia, na haelewi kwa nini.

2. Yeyusha alginati. Weka maji ml 40 kwenye bika, washa kikorogeo mpaka uone maji yanazunguka na kuchimba shimo katikati, alafu nyunyizia gramu 1 ya alginati pembeni mwa shimo, kidogokidogo, kama dakika tano hivi. Ukimimina yote mara moja unapata madonge yenye unga mkavu ndani ambayo yatakaa mpaka kesho. Acha ikoroge saa kadhaa au usiku mzima, joto la kawaida la chumba. Usiichemshe ili iende haraka, joto linakata minyororo na jeli yako itakuwa legelege bila wewe kujua sababu. Kingine, unga wa alginati unanyonya unyevu hewani, ukiwa na maji 12% basi gramu yako moja ni alginati gramu 0.88 tu, kwa hiyo kausha sampuli ndogo upime upungufu ndo ujue unaweka kiasi gani.

3. Isafishe vijidudu. Kama inaenda kwenye seli ichuje kwa 0.22. Ya asilimia 2.5 ni nzito itaziba filta, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuiyeyusha nyepesi, asilimia 0.5 mpaka 1, uipitishe kwanza kwenye filta ya 0.8 na 0.45 ndo 0.22, alafu uikaushe kwa kugandisha kwenye chombo steraili na kuiyeyusha tena kwa kiwango unachotaka. Ni kazi, ndiyo. Lakini otoklevu inashusha unene wa alginati waziwazi, na UV haipenyi ndani ya vitu vya uzito huu vya kutosha kuitegemea. Kalsiamu kaboneti yenyewe haina shida, iweke kwenye oveni nyuzi 160 saa mbili.

4. Changanya kalsiamu kaboneti. Pima gramu 0.15, itie kwenye maji ml 5, itikise kwa nguvu au iweke kwenye bafu la sauti za juu mpaka isibaki chembe zimeshikana, alafu imimine kwenye alginati ikikorogwa. Mchanganyiko unageuka mweupe kama maziwa. Haigandi bado kwa sababu kaboneti haiyeyuki kwenye maji ya wastani, inangoja asidi. Koroga dakika 10.

5. Pima pH hapa. Iwe karibu 7 au juu kidogo. Ikiwa chini ya hapo kuna kitu hakiko sawa kwenye maji au kwenye alginati yako, rudi nyuma usiendelee.

6. GDL, na hapa unahitaji mikono miwili ya haraka. Pima gramu 0.535 ya GDL mapema, iweke kavu. Sahani zako ziwe zimepangwa, zimefunguliwa, ziko kwenye meza iliyo sawa. Ukishakuwa tayari kabisa ndo uyeyushe GDL kwenye maji baridi ml 5, uichuje kwa 0.22 moja kwa moja kwenye alginati, ukoroge kwa sekunde 30 hivi, umimine. Ikigusa maji tu inaanza kugeuka asidi ya glukoniki, na hiyo asidi ndo inayoyeyusha kaboneti na kuachia kalsiamu, kwa hiyo ukiiyeyusha alafu ukaenda kujibu simu, ukirudi umeshaharibu hesabu.

Uwiano ni moles 2 za GDL kwa mole 1 ya kaboneti, na usiucheze. Kila GDL inatoa asidi moja, kaboneti inakula mbili. Ukizidisha GDL ili igande haraka, jeli inabaki na asidi na seli zitaumia. Ukipunguza, chembe nyeupe za kaboneti zinabaki ndani hazijayeyuka. Vipimo nilivyokupa vinatoa kalsiamu milimola 30 kwa lita. Ukitaka jeli ngumu zaidi panda mpaka 45 lakini pandisha vyote viwili kwa pamoja.

7. Mimina na uache. Ml 12 mpaka 13 kwa kila sahani ya sentimita 9. Toa mapovu makubwa kwa ncha ya sindano, funika, usiitikise. Itaanza kushika ndani ya dakika kadhaa mpaka nusu saa, lakini iache usiku mzima imalize. Dalili ya kwamba imekamilika unaiona: ule weupe wa maziwa unafifia mpaka unaweza kusoma maandishi yaliyowekwa chini ya sahani. Nikiona hivo huwa nafurahi kila mara hata baada ya miaka yote hii.

8. Kata. Kwa kipimo cha seli kata visahani vya kipenyo cha sentimita 2. Tumia kikatio chenye makali, ukibinya pembeni jeli inachanika na vipande vidogo vinavyoelea vitasumbua kwenye kusoma matokeo.

9. Suuza. Hapa usikimbie. Tengeneza maji ya kusuuzia: lita 1, sodiamu kloraidi gramu 9, kalsiamu kloraidi dihaidreti gramu 0.74 (hiyo ni kama milimola 5), steraili. Jeli ml 50 iweke kwenye maji ml 500, itikise polepole, badilisha mara tatu.

Kwa nini mara tatu na sio mara moja kwa maji mengi? Piga hesabu. Jeli ml 50 ndani ya ml 500, mabaki yakishasambaa sawa yanabaki sehemu 1 ya 11. Mara tatu ni 11 × 11 × 11, yaani 1 ya 1331. Ukichukua maji yaleyale ml 1500 ukasuuza mara moja unapata 1 ya 31 tu. Maji yaleyale, kazi ileile karibu, tofauti zaidi ya mara 40.

Muda nao unategemea unene, na unategemea kwa mraba wake. Molekuli ndogo kwenye jeli ya milimita 2 iliyo wazi pande zote inahitaji karibu nusu saa kufika nje, kwa hiyo saa moja mpaka mbili kwa kila suuzo inatosha. Jeli ya milimita 10 ni nene mara tano lakini inahitaji muda mara 25, yaani saa 25 mpaka 50 kwa kila suuzo. Watu wanatengeneza donge nene alafu wanasuuza dakika 20 wanasema wamesuuza.

Sasa onyo la PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti), na hili nimelilipia mwenyewe. Mwanzoni niliacha visahani 24 vizuri sana kwenye bafa ya fosfeti Ijumaa jioni, nikijua ndo bafa ya kila kitu. Jumatatu nikakuta vimevimba, kingo zimelainika, nikishika kwa koleo vinakatika kama kamasi, na chini ya chombo kuna vumbi jeupe. Lile vumbi lilikuwa kalsiamu yangu, fosfeti ilikuwa imeivuta kutoka kwenye wavu ikatengeneza kalsiamu fosfeti. Sitreti ni mbaya hata zaidi, hiyo watu wanaitumia makusudi kuyeyusha jeli ya alginati. Hata sodiamu ya maji ya chumvi ya kawaida inabadilishana na kalsiamu taratibu, ndo maana nimekuwekea kalsiamu kidogo kwenye maji ya kusuuzia.

Suuzo la mwisho lifanye kwa midia ya seli unayotumia. DMEM (midia ya kawaida ya kuoteshea seli) ina kalsiamu milimola 1.8 na fosfeti yake ni kidogo, jeli inavumilia siku kadhaa bila shida. Na kuna tabia moja nakuomba uianze leo: kila maji ya suuzo, chukua ml 5 uhifadhi umeandika namba. Utaelewa faida yake kwenye kipimo.

10. Usiiweke kwenye ethanoli. Kama hukutengeneza kisteraili tangu mwanzo usijaribu kuokoa mwishoni kwa ethanoli 70%. Jeli inasinyaa, alafu inainywa, alafu inaitoa polepole kwenye seli zako. Niliwahi kumsaidia mtu aliyekuwa ameshaamini alginati yake ni sumu, wiki sita anabadilisha kampuni na kiwango, na kumbe ni dakika kumi za ethanoli na suuzo moja la haraka. Tulivyoitoa hiyo hatua seli zikaishi.

Kupima kama haiui seli

Kiwango kinachofuatwa dunia nzima kwa vifaa tiba ni ISO 10993. Sehemu ya 5 ni sumu kwa seli, ya 12 ni jinsi ya kuandaa sampuli. Kwa ufupi unaloweka jeli kwenye midia yenye seramu, nyuzi 37, saa 24, alafu hiyo midia iliyolowekewa (tuiite dondoo) unawapa seli.

Kiasi cha midia: kwa kitu kinene kuliko milimita 0.5 ni sentimita za mraba 3 kwa kila ml. Kisahani chako cha sentimita 2 na unene wa milimita 2 kina eneo la sentimita za mraba 7.5 ukihesabu juu, chini na ukingo, kwa hiyo ml 2.5. Ila jeli inakunywa. Kwanza pima inakunywa kiasi gani kwa kuilowesha na kuipima uzito, hicho kiasi uongeze juu ya hizo 2.5, la sivyo utabaki na dondoo kidogo lililokolea na utajidanganya.

Seli za kuanzia ni L929, faibroblasti za panya. Elfu 10 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, ziache saa 24 zishike, toa midia weka dondoo, saa 24 tena, alafu MTT (kemikali ambayo seli hai zinaigeuza zambarau) na usome 570 nm. Weka dondoo zima na lililopunguzwa nusu, robo, na nusu ya robo. Uhai ukishuka chini ya 70% ya kishimo chenye seli na midia tupu, hiyo inahesabiwa ni sumu.

Vidhibiti visikosekane: midia tupu iliyokaa saa 24 nyuzi 37 kama dondoo (sio iliyotoka friji leo), plastiki inayojulikana haina shida, na kitu kinachojulikana kinaua. Kisichokufa kwenye kidhibiti cha kuua kinakuambia kipimo chenyewe hakifanyi kazi.

Na yale maji ya suuzo uliyohifadhi, wape seli pia, yaliyochanganywa nusu kwa nusu na midia, na pembeni kishimo chenye maji ya kusuuzia mapya kwa uwiano uleule ili usilaumu mabaki kwa kosa la chumvi. Suuzo la 1 likiua na la 3 lisipoua, umeona kwa macho yako sumu ikitoka na ikiisha. La 3 likiua bado, ongeza masuuzo kabla hujaanza kubadilisha fomula.

Endotoksini pima kando kwa LAL (kipimo cha damu ya kaa wa farasi, jibu lake linatoka kwa EU, yaani yuniti za endotoksini). Mpaka unaotumika Marekani kwa vifaa vingi ni 0.5 EU kwa ml ya dondoo, yaani 20 EU kwa kifaa, na kwa kinachogusa maji ya uti wa mgongo ni 2.15 EU kwa kifaa. Alginati inasumbua kipimo hiki kwa sababu inashika ioni, na glukani za mwani zinaweza kutoa jibu la uongo la juu, kwa hiyo ongeza kiasi unachokijua cha endotoksini kwenye sampuli uone kama kinasomeka. Kikisomeka kati ya 50% na 200% uko sawa.

Ikigoma

*Haigandi kabisa.* GDL ulisahau kuiweka au umeipima kidogo mno. Pima pH ya mchanganyiko baada ya dakika 10, kama haijashuka basi tatizo ni hilo. Kama imeshuka na bado ni maji, angalia alginati, huenda minyororo imekatika kwa joto.

*Imeganda kwa mabonge, kwingine maji.* Umechelewa kukoroga, GDL ilishageuka asidi kabla ya kuiweka, au kaboneti ilishikana. Au uliyeyusha kwa maji ya bomba.

*Chini ngumu juu laini.* Kaboneti imezama kabla ya kushika. Unga laini zaidi, au alginati nzito kidogo.

*Mapovu madogo ndani.* Ni kaboni dioksaidi ya kaboneti. Fanya kazi kwenye joto la chini kidogo ili asidi itoke polepole, na alginati ikae friji usiku kabla ya kutumia iachie hewa yake.

*Inalainika kwenye inkubeta baada ya siku chache.* Fosfeti, sitreti, au midia isiyo na kalsiamu. Alginati yenye sehemu nyingi za guluroniki (moja ya sukari mbili zinazounda mnyororo wake) inashika kalsiamu vizuri zaidi, uliza muuzaji kabla ya kununua.

*Midia inageuka njano mara tu ukiweka jeli.* Asidi imebaki. Uwiano wa GDL haukuwa sahihi au hukusuuza vya kutosha. Usirekebishe kwa kudondoshea sodiamu haidroksaidi kwenye midia, rudi kwenye mizani.

*Dondoo linapita lakini mbona haiyeyuki mwilini, nasikia alginati inaoza?* Mamalia hawana kimeng'enya cha kuikata alginati. Kalsiamu ikitoka wavu unafunguka, lakini minyororo mikubwa inashindwa kupita kwenye figo. Wanaotaka iondoke wanaanza na alginati iliyooksidishwa kidogo kwa periodeti, na hapo unakuwa umeongeza kemikali nyingine ya kusuuza na kupima.

*Dondoo linapita, lakini nikiotesha seli juu ya jeli zinakuwa mviringo na kuelea.* Hili linawavunja moyo wengi bure. Alginati haina mahali pa seli kushika miguu, protini hazigandi juu yake, kwa hiyo seli zinabaki mviringo hata zikiwa hai. Kabla hujaandika "sumu" kwenye daftari, zikusanye, zipake kalseini na propidiamu, uziangalie kwenye darubini ya fluoresensi. Zikiwaka kijani ziko hai, na unachohitaji ni kuongeza gelatini au peptidi ya RGD (kipande kidogo cha protini ambacho seli zinakishika) kwenye alginati, sio kutupa jeli.